Mgeni Njoo, Mwenyeji Azime

Kikao kiliitwa saa nane usiku, ndani ya kasha la kompyuta lililowekwa chini ya meza, katika ofisi moja ya ghorofa ya pili jijini Dar es Salaam. Ajenda ilikuwa moja: kwa nini Mwenyeji huanguka kila Mgeni anapojengewa chumba.

Majina hayo si mafumbo. Mafundi wa mashine pepe huiita kompyuta halisi, ile yenye nyaya na vumbi, mwenyeji. Kompyuta ya kubuni inayoishi ndani yake, yenye mfumo endeshi wake na diski yake, huiita mgeni. Na diski hiyo ya mgeni, ukiifuatilia, ni faili moja kubwa tu lililolala ndani ya diski ya mwenyeji. Waswahili walishasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wa safari hii alikuwa hajafika hata mlangoni, chumba chake cha GB 500 ndiyo kwanza kinapigwa plasta, na mwenyeji alikuwa keshazirai mara nne ndani ya wiki moja.

Mwenyekiti alikuwa Mjusi. Hakupigiwa kura. Aliingia kwa tundu la nyuma miaka miwili iliyopita, akakuta pana joto, akakaa. Ofisi nyingi hivyo ndivyo uenyekiti unavyopatikana.

"Tuanze na mahudhurio," alisema. "Pawa Saplai?"

"Nipo, mwenyekiti. Na kabla hujaendelea, naomba iingie kwenye muhtasari kwamba mimi sihusiki."

"Hujaulizwa."

"Najua. Lakini mji huu kikizimika chochote, wa kwanza kukamatwa ni mtu wa umeme. Mimi nina siku sita kazini. Mtangulizi wangu alifukuzwa kwa kosa hili hili. Yeye kaondoka, kosa limebaki."

Hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Fundi wa ofisi, kijana mwenye bisibisi ya sumaku na haraka ya kutosha watu watatu, alipoona skrini imeganda mara ya kwanza alitoa hukumu hata kabla hajavuta kiti: umeme mdogo. Akanunua pawa saplai mpya. Kompyuta ikaanguka tena siku iliyofuata.

"Bi. Ramu?"

"Nipo, pande mbili za GB 32, jumla 64. Mimi nililazwa usiku kucha nikapimwa na Memtest86+, mizunguko minne, sikukutwa na kosa hata moja."

Wote wakageuka kumtazama Dalali, ambaye ndiye aliyetarajiwa kubebeshwa mzigo usiku ule. Jina lake la kwenye cheti ni QEMU. Alizaliwa 2003 mikononi mwa Mfaransa Fabrice Bellard, na tangu 2007, Linux toleo la 2.6.20 lilipoingiza KVM ndani ya kerneli, wawili hao wamekuwa wakipangisha vyumba pamoja.

"Mimi nina vyumba vya namna nne," alisema Dalali, akifungua mikono kama mtu asiye na cha kuficha. "Cha kwanza ni cha mdomo. Faili linasema lina GB 500, ukilipima halijala hata GB moja. Linanenepa kadiri mgeni anavyoleta mizigo. Cha pili nachora ramani tu. Cha tatu namwomba mfumo wa faili anitengee kiwanja, anakizungushia kamba, hakuna anayeshika koleo. Cha nne napita kila inchi nikiandika sifuri, sifuri, sifuri mpaka ukuta wa mwisho. Fundi akaona hicho cha nne kinaitwa full. Mnamjua mtu aliyezoea mabasi ya full kipupwe. Akachagua papo hapo."

"Si ungemshauri cha kwanza?" aliuliza Feni, ambaye huuliza kila kitu kwa sababu hawezi kunyamaza.

"Cha kwanza kina mitego yake. Diski ina TB 1. Naahidi wageni watatu, kila mmoja GB 500. Wote wanaingia, wote wanacheka. Siku wakileta vitanda na makabati kwa mpigo, diski inajaa, nami inabidi niwasimamishe wote walipo."

"Huko ni kuuza kiwanja kimoja kwa watu watatu," alisema Mjusi, ambaye amesikia simu nyingi katika ofisi ile.

"Kwetu sisi kunaitwa matumizi bora ya rasilimali."

Kutoka chini kabisa ya kasha ikasikika kikohozi cha chuma. Mzee Sahani, diski ya zamani ya TB 2 yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, siku hizi hana kazi zaidi ya kutunza nakala za akiba na kuwakumbusha wenzake alikotoka. "Mnashangaa mambo ya juzi," alisema. "IBM walikuwa na VM/370 mwaka 1972. Walikuwa wakikata diski moja vipande, kila mgeni anapewa chake akidhani kapewa diski nzima. Pakiti moja ya diski ya 3330 ilibeba MB 100. Huyu mgeni wenu peke yake angetaka pakiti 5,000, na godoro bado hajaleta."

"Jamani, mimi sijazaliwa," ilisema sauti nyembamba kutoka ndani ya faili lililokatikia asilimia 37. "Hata mfumo endeshi sina. Mnanisema kama nimeshakula."

Tuhuma iliyofuata ilimwendea Kerneli, ambaye kasha zima linamwita Kanali, na si kwa kufanana kwa matamshi tu. Yeye ndiye mwenye amri ya kuua. Kumbukumbu ya kompyuta ikimalizika kabisa, Kanali hupitia orodha ya programu zote, kila moja ina alama yake, akachagua iliyokula zaidi na kuipiga risasi ili wengine waishi. Kwenye kompyuta ya wageni, aliyekula zaidi mara nyingi ni mgeni mwenyewe.

"Ni kweli naua," alisema Kanali. "Lakini nikiua naandika. Jina la marehemu, alikuwa ameshika kumbukumbu kiasi gani, saa ngapi. Karani asome daftari kama kuna maiti yangu yoyote wiki hii."

Karani wa matukio akafungua kurasa. Maiti haikuwepo. Ila kulikuwa na jambo la ajabu, na hapa ndipo kikao kilipoanza kuwa na maana: maanguko manne hayakufanana. Mara mbili daftari lilijaa malalamiko kabla ya giza, kwamba kazi fulani imekwama kwa zaidi ya sekunde 120, kisha nyingine, kisha nyingine. Mara mbili zilizobaki daftari lilikatika katikati ya shughuli za kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa nje akaacha kalamu mezani.

"Sekunde 120," alirudia Mjusi. "Bi. Ramu, unajua lolote?"

Bi. Ramu alivuta pumzi. "Mwenyekiti, mimi ni mtu wa kupokea. Dalali akija na sifuri zake simwambii ngoja. Namwambia weka hapo, tutapeleka diskini baadaye. Yeye anaona kazi imekwenda mbio, anarudi na nyingine. Kurasa ambazo hazijafikishwa diskini zinaitwa kurasa chafu, na kweli ni kama vyombo vichafu kwenye karo. Sheria za Kanali zinasema vikifika asilimia 10 ya nafasi yangu iliyo huru, watu waanze kuosha taratibu. Vikifika 20, kila anayeleta chombo asimame aoshe."

"Na asilimia 20 kwako ni ngapi?"

"Nikiwa na GB 60 huru, ni 12."

"Chipukizi, wewe unaosha kwa mwendo gani?"

Chipukizi ndiye diski mpya ya NVMe, kipande chembamba cha upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kimelala juu ya ubao mama kama chingamu, na juu yake kimefunikwa bamba la alumini la kupozea. Sanduku lake lilikuwa na namba kubwa kuliko jina lake. "Wazee wangu, sandukuni imeandikwa zaidi ya MB 3,000 kwa sekunde."

"Hatujauliza la sandukuni."

"Mwanzoni nafika huko. Kila kiti nakalisha abiria mmoja, mambo yanakwenda. Viti vya mbele vikijaa inabidi niwabane wanne wanne, ndivyo bei yangu ilivyo, na kuwapanga kunachukua muda. Hapo nashuka mpaka kama MB 100."

Mzee Sahani alicheka mpaka kichwa chake cha kusomea kikatetema, maana MB 100 kwa sekunde hata yeye anazipita. Mjusi hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa mkia. GB 12 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni sekunde 120 kamili. Dakika mbili ambazo mshale wa kipanya hausogei, dirisha halifunguki, na mtu yeyote mwenye haraka ataapa kwamba kompyuta imekufa.

"Na fundi alifanya nini?"

"Aliweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia," alisema Pawa Saplai kwa sauti ya chini, "akahesabu moja mpaka tano."

Kimya kilitanda. Mauaji mawili kati ya manne yalikuwa yamefanywa na mpelelezi.

Usidhani jambo hilo ni nadra. Mtu anayesema kompyuta imeanguka huwa ametaja hofu yake, si alichokiona. Kuganda na kurudi ni ugonjwa mmoja. Kuzimika na kuwaka upya ni wa pili. Kuganda moja kwa moja huku taa zinawaka ni wa tatu. Na kugomewa kwa ujumbe wa heshima si ugonjwa kabisa. Diski iliyoumbizwa kwa FAT32, kwa mfano, haipokei faili la GB 4 au zaidi. Itakataa mahali pale pale kila siku, asubuhi na jioni, na kompyuta itaendelea na shughuli zake. Mafundi wengi huyatia yote manne kwenye kapu moja, kisha huenda dukani.

Huyu wetu naye alikwenda dukani mpaka fungu la vipuri likaisha. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza.

Alianza na karo la Bi. Ramu. Alishusha vikomo: uoshaji uanze kurasa chafu zikifika MB 256, na mlango ufungwe zikifika GB 1. Kuganda kwa dakika mbili kukaisha siku hiyo hiyo. Maanguko yale mengine, ya daftari kukatika ghafla, yakabaki vile vile, na sasa angalau yalikuwa peke yake.

Kisha akafanya jambo ambalo fundi mwenye haraka hulichukia: akabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akamwagiza Dalali ajenge chumba kile kile cha GB 500 kwa Mzee Sahani. Ilichukua karibu saa nzima, huku mzee akiguna njia nzima, na ikaisha salama. Akamwacha Dalali pembeni, akaandika sifuri za GB 500 moja kwa moja kwa Chipukizi kwa amri ya dd, ambayo haijui mgeni wala mwenyeji. Kompyuta ikafa. Kwa jaribio hilo moja Dalali akawa huru.

Halafu akaanza kuandika asilimia kwenye karatasi. Saa moja asubuhi, kiyoyozi kimeshaanza: ilikufa kwenye asilimia 61. Saa tisa alasiri, jua la Februari likiwa dirishani: asilimia 34. Ukuta usiohama haufanyi hivyo. Kinachohama na jua ni joto.

Kikao cha pili kilikaa usiku huo, na shahidi wa kwanza alikuwa Swichi ya mtandao, anayekaa ukutani na kuhudhuria kwa njia ya kebo.

"Siku ile alipozirai mara ya tatu nilimpigia hodi," alisema Swichi. "Aliitika. Kila sekunde hodi, kila sekunde karibu, bila kuchelewa. Nikamwambia basi fungua mlango niingie. Kimya. Hodi? Karibu. Fungua? Kimya."

"Hilo nalielewa," alisema Kanali. "Kuitikia hodi nafanya kwa kichwa, vyote viko kwa Bi. Ramu. Kufungua mlango lazima nikachukue mafaili diskini."

"Na diskini kulikuwa na nini?"

Kanali alinyoosha mgongo. "Mwenyekiti, diski hiyo haikuwepo. Nilimpa Chipukizi amri, nikasubiri sekunde 30 kama kanuni inavyotaka. Hakujibu. Nikamwasha upya. Hakujibu. Nikamwondoa kwenye orodha ya waliopo, mfumo wa faili nikaugeuza wa kusoma tu, nikamwagiza Karani aandike tukio."

"Niandike wapi?" Karani aliinuka akitetemeka. "Daftari langu liko ndani ya Chipukizi! Mnaniambia niandike kwamba nyumba imeungua, na karatasi iko ndani ya nyumba."

Ndiyo maana kurasa zilikuwa nyeupe. Kwa wiki nzima fundi alikuwa akisoma ukimya wa Karani kama ushahidi wa umeme kukatika, maana umeme ukikatika ukurasa nao hubaki mweupe hivyo hivyo. Dawa yake ipo na ni ya bure: huitwa netconsole, na humwezesha Kanali kurusha maneno yake ya mwisho kwa pakiti za UDP kwenda kompyuta nyingine kabla hajanyamaza. Fundi alikuwa ameiwasha mchana ule, na Swichi ndiye aliyebeba barua.

Mjusi akaisoma kwa sauti. Kidhibiti cha diski hakijibu. Jaribio la kukiwasha upya limeshindikana. Baada ya hapo kosa la kusoma, kosa la kuandika, kosa la kusoma, ukurasa mzima.

"Chipukizi, mwanangu," alisema. "Sema mwenyewe."

"Niseme nini, babu? Yote nimeandika. Mimi natunza cheti changu cha afya, sijamficha mtu. Joto langu la onyo ni nyuzi 80. Dakika nilizokaa juu ya hapo: 214. Mara nilizozimwa bila kuagwa: 61. Ni amri moja tu ya smartctl, dakika haiishi. Tangu ninunuliwe hakuna aliyenisoma."

"Lakini una bamba la kupozea kichwani!" Feni alishangaa. "Mimi nalipulizia upepo mchana na usiku. Kazi yangu naifanya."

"Unalipulizia bamba," alisema Chipukizi. "Mimi niko chini yake."

Hapo Mjusi alikohoa kwa namna ya mwenyekiti ambaye ana maslahi binafsi na amechelewa kuyatangaza. "Niseme kitu. Mimi hulala juu ya bamba hilo. Damu yangu inavyojulikana, natafuta joto. Na nimekuwa nikinung'unika muda mrefu kwamba halina joto la maana. Vuguvugu tu, kama chai ya msibani. Nilishaanza kufikiria kuhamia kwa Swichi."

Wajumbe walitazamana. Chini nyuzi 80 na ushei, juu vuguvugu, na kati ya viwili hivyo unene wa ukucha.

Asubuhi fundi alifungua kasha, akaweka feni ya mezani ikiuelekea ubao mama, akaandika tena GB 500 kwa dd. Zilifika mwisho. Akazima, akalegeza skrubu moja ndogo, akalinyanyua bamba la alumini. Chini yake kuna utepe laini wa kijivu, kazi yake kuchukua joto la diski na kulikabidhi kwa bamba. Juu ya utepe, upande unaopaswa kugusana na diski, palikuwa na karatasi ya nailoni ya rangi ya bluu, safi, imenyooka, bado ina kile kikona kilichochapwa mshale cha kuivutia. Kiwandani huwekwa ili vumbi lisiushike utepe njiani. Unapofunga diski unaibandua. Aliyeifunga hii hakuibandua, na aliyeifunga ni fundi mwenyewe, mwezi wa kumi na mbili, akiwa na haraka ya kufunga ofisi.

Sitamcheka sana. Anaishi katika nchi ambayo rimoti huzeekea ndani ya mfuko wake wa nailoni, makochi hukalishwa wageni wa miaka mitano yakiwa na plastiki ya dukani, na dereva wa bajaji mpya huendesha akitokwa jasho mgongoni kwa kuogopa kuchana ganda la kiti. Kutobandua kumeitwa utunzaji kwa muda mrefu mno.

Alibandua. Akarudisha bamba, akakaza skrubu, na safari hii akamwambia Dalali ajenge chumba cha namna ya tatu, cha kuzungushia kamba. Kilikuwa tayari kabla hajamaliza kuinua kikombe. Kwa uhakika zaidi akakibomoa, akajenga cha nne, cha sifuri mpaka ukutani, saa tisa alasiri, bila feni ya mezani. Joto la Chipukizi lilipanda mpaka nyuzi 66 likakaa hapo. Asilimia 34 ikapita. Sitini na moja ikapita. Karani aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri.

Mgeni aliwasili jioni, akapokewa kwa shangwe katika GB zake 500, akafungua begi. Mzigo wote aliokuja nao ulikuwa GB 9.

Mjusi alikuwa amelala chali juu ya bamba, ambalo sasa lilikuwa na joto la bati la saa nne asubuhi, na alipoombwa afunge kikao alisema hana haraka. Pawa Saplai aliuliza kama mtangulizi wake atarudishwa kazini, hakuna aliyemjibu. Huku juu, fundi aliikunja ile nailoni ya bluu mara mbili kwa uangalifu, akaitia kwenye droo pamoja na kadi ya dhamana, endapo itahitajika.